Huduma ya mionzi Ocean Road, nilivyoiona nikimuuguza mama

Mama ni mtu wa Tanga na ametafuna tambuu tangu ujana wake: popoo (ile kokwa ngumu ya mpopoo), chokaa, katu, na tumbaku juu yake. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilitamka hivyo mwaka 2004, na inaniuma kuiona bado inauzwa kama njugu.

Kidonda kilianzia ubavuni mwa ulimi. Zahanati ya kwanza ilimpa dawa ya kusukutua, halafu antibaiotiki, halafu antibaiotiki nyingine. Hiyo naipa sifuri. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki 3 bila kupona, kikatwe kinyama kipelekwe maabara, basi.

Upasuaji ulifanyika Muhimbili. Waliondoa kipande cha ulimi na tezi za shingoni. Tezi zilikutwa na saratani, ndipo tukapelekwa Ocean Road, taasisi ya saratani iliyopo Dar es Salaam, kwa tiba ya mionzi.

Sifa zangu kubwa ni kwa maandalizi. Kabla ya mionzi mama alikaguliwa meno, magego mabovu yakang'olewa na fizi zikapewa muda wa kufunga. Wapo wanaolalamika kwamba wanacheleweshwa. Jamani, taya likishapigwa mionzi, jino likija kung'olewa baadaye kidonda huweza kugoma kufunga na mfupa ukafa. Kisha ikaja barakoa. Plastiki yenye matundu hulowekwa kwenye maji ya moto ikalegea, ikavutwa usoni hadi mabegani, na ikipoa inakuwa ngumu kwa umbo la mtu huyohuyo, ili asitikisike mashine ikifanya kazi. Mama aliogopa kukosa pumzi. Dada wa mionzi akamshika mkono: "Bibi, ukitaka tuache, inua mkono huu tu, tunakuona." Mama akatulia.

Mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki 6. Wiki mbili za mwanzo mama alikula kama kawaida. Baada ya hapo mdomo ulichubuka wote, mate yakakauka, hata chai akasema haina ladha. Tulielekezwa kusukutua maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, kuacha pilipili na ndimu, na kumpa mtori, uji wa maziwa na parachichi. Alipimwa uzito kila wiki, maana akikonda sana ile barakoa inapwaya na mionzi inaweza kukosa shabaha. Pia afanye mazoezi ya kupanua mdomo kila siku, la sivyo taya linakaza.

Kwa huduma yenyewe natoa nyota tano. Kilichotuelemea ni chumba cha kupanga Dar muda wote huo, na maabara moja binafsi iliyotukalia na majibu ya kinyama. Wanaokuja kutoka mikoani, msipande basi bila barua ya rufaa, picha za CT na majibu ya kinyama yaliyosainiwa. Bila hayo majibu, mionzi haipangwi.