Mlango wa nje wa mninga kutoka karakana ya Nyakato: tathmini ya kazi na ukaguzi kabla ya kulipa salio

Karakana ya useremala niliyoipa kazi ya mlango wangu wa mbele, iliyoko upande wa Nyakato jijini Mwanza, inajua mbao na inajua zaidi fremu, lakini haimalizii vizuri sehemu ambazo macho ya mteja hayafiki. Naandika kwa urefu kwa sababu nyumba nyingi zinajengwa sasa Buswelu, Kiseke, Buhongwa na Nyegezi, na mlango wa nje ni gharama ambayo wengi wetu tunailipa mara moja tu; tena tunalipa salio siku ileile mlango unapofungwa, wakati vanishi bado inanukia na kila kitu kinang'aa.

Nianze na fremu, kwa kuwa fremu ikikosewa hakuna bawaba wala kitasa kitakachouokoa mlango. Mafundi wawili waliofika nyumbani walisimamisha miimo, yaani mbao mbili za wima za fremu, kwa timazi badala ya kutegemea macho, na jambo lililonifurahisha ni kwamba walipima kila mwimo pande zake mbili: upande unaotazama uwazi wa mlango na upande unaotazama nje. Mafundi wengi hupima upande mmoja tu, na matokeo yake fremu husimama wima ukiitazama kwa mbele huku imeinama kuelekea sebuleni. Mlango uliofungwa kwenye fremu ya namna hiyo hujifungua au hujifunga wenyewe. Walipomaliza nilipima kwa futi kamba kutoka pembe hadi pembe. Uwazi wangu ni milimita 900 kwa 2100, kwa hiyo vipimo vyote viwili vya mshazari vilipaswa kukaribia milimita 2285, na tofauti niliyoipata kati yao ilikuwa ndogo sana, isiyozidi milimita 2. Hapo wanastahili pongezi bila kusitasita.

Kuna kipimo kingine ambacho wateja wachache hukiomba, nacho ni cha kujua kama fremu imejipinda. Miimo miwili inaweza kuwa na urefu sawa na nafasi sawa juu na chini, lakini mmoja ukawa umesogea nje kidogo na mwenzake ndani. Unachukua nyuzi mbili, unazifunga kwenye misumari midogo katika pembe nne za fremu, zote zikiwa juu ya uso uleule wa mbao, kisha unazivuta zikaze hadi zipishane katikati. Zikigusana kidogo tu pale zinapopishana, fremu iko sawa. Zikiachana, au uzi wa nyuma ukausukuma ule wa mbele, imejipinda, na mlango utagusa fremu juu huku chini ukiacha nafasi, au kinyume chake. Nyuzi zangu ziligusana vizuri. Naomba kila anayejenga akifanye kipimo hiki kabla lipu haijakauka pembeni mwa fremu, kwa maana baada ya hapo kurekebisha ni kubomoa.

Mlango wenyewe umeshikwa na bawaba tatu za inchi 4, idadi inayofaa kwa mlango mzito wa mbao ngumu. Nafasi kati ya mlango na fremu, juu na pembeni, nilitarajia iwe karibu milimita 3 na iwe sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Asiye na kipimo cha fundi anaweza kupanga kadi nne za benki pamoja, unene wake unakaribia hapo. Juu zilipita bila shida. Upande wa bawaba zilipita pia. Upande wa kitasa, kuanzia usawa wa goti kushuka chini, hata kadi mbili hazikupita. Nilipomwonyesha fundi mkubwa, alinijibu kwa upole, "Mama, mlango utajizoea wenyewe mvua zikianza." Nilimwambia, "Fundi, mvua zikianza mbao inavimba, haipungui." Hakubishana. Alishusha mlango, akapitisha randa, na nafasi ikawa sawa.

Inafaa kueleza dalili hizi zinasema nini, maana wakati mwingine tatizo haliko kwenye ubao. Kama nafasi ya upande wa kitasa inabanwa juu na kupanuka chini, na ile ya juu inazidi kupanuka kuelekea kitasa, basi mlango umelala, na mara nyingi bawaba ya juu haijashika. Kupiga randa mlango uliolala ni kuuharibu bure, kwa sababu utaendelea kushuka. Wangu haukuwa umelala. Niliuacha nusu wazi, kisha robo, kisha robo tatu, na kila mahali ulitulia pale ulipoachwa.

Sasa skrubu. Hapa ndipo nilipokasirika, na bado naona ni kosa lisilo na udhuru kwa karakana yenye mafundi wa kiwango hiki. Kwenye bawaba ya katikati vichwa vya skrubu vilikuwa safi kabisa, bila hata mkwaruzo wa bisibisi kwenye mfuo, na kingo za tundu la bawaba zilikuwa zimebonyea kidogo. Maana yake skrubu zilipigwa nyundo kama misumari, kisha zikakazwa mzunguko mmoja wa mwisho. Skrubu iliyopigwa nyundo huchana nyuzi za mbao badala ya kuzishika kwa meno yake, na hutoka taratibu kila mlango unapofunguliwa. Niliomba zitolewe zote, matundu yazibwe kwa vijiti vya mbao na gundi, yatobolewe upya kwa kekee ndogo, na kwenye bawaba ya juu, ambayo ndiyo inayovutwa zaidi na uzito, ziwekwe skrubu mbili za inchi 3 zinazopenya fremu na kushika ukuta nyuma yake. Walifanya hivyo bila kudai nyongeza.

Kitasa hakina mengi. Niligeuza ufunguo mlango ukiwa wazi, kisha ukiwa umefungwa, na uzito mkononi ulikuwa uleule mara zote mbili. Ufunguo unaogeuka kwa shida mlango ukishafungwa huonyesha kwamba ulimi wa kitasa unakwaruza bati la kwenye fremu, na dawa yake ni kusogeza bati, si kutia mafuta.

Sehemu ya chini ndiyo inayotofautisha mlango wa nje na mlango wa chumbani, na hapa Mwanza tunapaswa kuwa wakali nayo. Mvua zetu nyingi huja na upepo kutoka ziwani, mara nyingi usiku au alfajiri, zikipiga ukuta kwa mshazari. Na kwa sisi tulio kwenye miteremko ya mawe, maji hushuka kutoka juu ya kiwanja kuelekea mlangoni kabla hayajapata mfereji. Nilichukua kioo kidogo cha kunyolea, nikakilaza sakafuni chini ya mlango ulio wazi na kumulika kwa tochi ya simu. Ukingo wa chini ulikuwa mbao tupu. Nyuso mbili za mlango zilikuwa zimepakwa vanishi kwa uangalifu mkubwa, pembeni pia, lakini chini hapakuwa na hata tone, na juu nilipopanda kwenye stuli nikakuta hali ileile. Mbao hunywa maji kwa kasi zaidi kupitia ncha za nyuzi zake, na katika mlango wa fremu na paneli ncha za zile mbao ndefu za pembeni ziko juu na chini, yaani mahali hasa palipoachwa wazi. Mninga ni mbao tulivu, haivimbi wala kupungua sana ikilinganishwa na nyingine, lakini utulivu huo haumaanishi kwamba inaweza kulowa kila msimu bila madhara. Mlango ulishushwa tena, ukapakwa mikono mitatu juu na chini.

Kizingiti cha chini kilikuwa na kasoro iliyofanana na hiyo. Saruji ilikuwa imelazwa tambarare, pimamaji ikionyesha katikati kabisa, na fundi alijivunia jambo hilo. Lakini kizingiti cha nje hakitakiwi kuwa tambarare. Kinapaswa kuinama kidogo kuelekea barazani ili maji yarudi yalikotoka. Nilimwaga jagi la maji taratibu juu ya mlango uliofungwa, na dakika chache baadaye ukanda wa unyevu ukaonekana upande wa ndani. Baada ya kizingiti kuchongwa na kulazwa upya, na ubao mwembamba wenye mfuo wa kudondoshea maji kuongezwa sehemu ya chini ya mlango kwa nje, jagi lilelile halikuingiza kitu. Nafasi iliyobaki chini imezibwa kwa mpira, nao unasaidia pia wakati wa wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa jioni.

Bei yao ilikuwa juu kuliko nilizotajiwa kwingine, na kwa ubora wa mninga waliyoleta, iliyokauka vizuri na isiyo na nyufa, naiona ni ya haki. Nitawapa kazi ya mlango wa nyuma pia. Safari hii risiti ya malipo ya awali itaandikwa mambo manne: vanishi kwenye kingo zote ikiwemo ya juu na ya chini, skrubu zitobolewe kwanza, kizingiti kiiname nje, na salio lilipwe baada ya maji kumwagwa na ndani kubaki pakavu. Msimamizi wa karakana ameyakubali yote manne.