Pakiti Sita za Mbegu za Maua: Masika Imepita, Tuone Nani Kabaki Tutani

Shikamooni wakubwa zangu, wadogo hamjambo. Karibuni tena. Leo siko sebuleni, niko nje huku Mikocheni, Dar es Salaam, kwenye matuta yetu ya majaribio, na aliyeshika simu ni mdogo wangu, kwa hiyo picha ikicheza mlaumuni yeye.

Mliokuwa nami Januari mnakumbuka: pakiti sita za mbegu za maua ya msimu, yale ya kuota, kuchanua na kufa ndani ya miezi michache. Zinia, merigoldi, petunia, vinka, portulaka na impatiensi. Tuko tisa, tunajitolea tu, kila mtu na zamu yake ya kumwagilia. Mbegu tulizisia kwenye trei katikati ya Januari, miche ikaingia matutani mwisho wa Februari. Leo ni Juni. Mnayoyaona nyuma yangu ndiyo yaliyosalia.

Kwanza niseme tulivyopima, maana mwaka jana tulijidanganya. Kila mtu alijua ua lipi limetoka pakiti ya bei kubwa, basi lile la bei kubwa likawa linapewa alama hata likiwa limelala chini. Aibu tupu! Safari hii tumeiga Wamarekani. Wana mpango wao unaitwa All-America Selections, ulianzishwa 1932. Aina mpya za maua na mboga zinapandwa kwenye viwanja vya majaribio sehemu mbalimbali, majaji hawalipwi, na mmea unawafikia kwa namba, bila jina. Na sisi tukampa bibi yetu mmoja hapa pakiti zote azifungie kabatini kwake, tukabaki na vijiti vya namba. Kuna waliotambua ua kwa jani, hilo siwezi kulizuia, lakini bei hakuna aliyeijua.

Haya, petunia. Sogea hapa, mdogo wangu. Unaona nini? Udongo. Ndiyo, ni udongo mtupu.

Mbegu ya petunia ni kama vumbi, na inataka mwanga ili iote. Mwenzetu mmoja, kwa huruma zake, akaifunika udongo vizuri kama anamfunika mtoto shuka. Trei hiyo haikutoa kitu. Trei ya pili tukaiacha wazi, ikaota, nusu ikaanguka kwa kinyausi, ule ugonjwa wa kuozesha miche michanga, kwa sababu tulizidisha maji. Iliyofika tutani ilichanua, na siwafichi, Machi hii petunia ilipata alama tano kati ya tano kwa kila mtu. Watu wanapita njiani wanasimama! Halafu mvua zikaanza. Maua makubwa laini yale, mvua moja ya usiku, asubuhi yako kama karatasi iliyotoka kwenye maji ya kufulia. Kufika katikati ya Aprili shina limeoza. Ukiipenda, ipande Juni hii hii tunapoingia kipupwe, kwenye chungu, chini ya paa la baraza. Kuiweka wazi masika ni kutupa hela.

Impatiensi ndiyo imeniuma zaidi. Pakiti imetoka mbali, picha nzuri, lakini hili ua ni la kwetu! Kwa asili linaota lenyewe kuanzia Kenya mpaka Msumbiji. Wataalamu wa Kiingereza karne ya 19 walilipata kutoka Zanzibar, wakalipa jina la kisayansi la kumtukuza Sultani, Impatiens sultani. Siku hizi linaitwa Impatiens walleriana, kwa jina la mmisionari Horace Waller. Nikajua mtoto wa nyumbani hatatuangusha. Kumbe nyumbani kwake ni kwenye kivuli na unyevu, chini ya miti. Sisi tumemweka juani, kwenye mchanga wa Mikocheni, saa nane mchana ya mwezi wa pili.

Halafu kuna habari ya maji, hapa naomba mnisikilize vizuri. Bomba letu linatoa kwa mgao. Lisipotoa tunachota kwenye kisima, na visima vingi vya huku karibu na bahari maji yake yana chumvi. Pakiti haitakwambia hilo. Imeandikwa "mwagilia mara kwa mara", basi. Tulipomwagia impatiensi maji ya kisima wiki mbili mfululizo, kingo za majani zikageuka kahawia, zikakauka kama zimepitiwa na pasi. Miche minne tuliyoihamishia chini ya mwembe na kuinywesha maji ya bomba ile pale, inachanua mpaka leo. Kwa hiyo mbegu si mbovu. Tutani nimeipa moja, chini ya mwembe nne.

Kama na wewe unatumia kisima cha chumvi, usimwage juu ya majani. Mimina chini kwenye shina, na mvua ikinyesha iache ioshe udongo.

Portulaka haikujali chumvi, haikujali jua, haikujali hata zamu zilizorukwa, na walioziruka wanajijua. Jirani yetu analiita "saa nne" kwa sababu ndipo linapofunguka. Ubaya wake ni huo huo: siku ya mawingu linagoma, na ukirudi kazini jioni unakuta limeshafunga duka.

Vinka watu waliipinga. Mama mmoja akasema hilo amezoea kuliona makaburini, hawezi kulipanda mlangoni. Sawa, kila mtu na moyo wake. Ila ni mmea wa Madagaska, na humo ndimo zilimopatikana dawa mbili za saratani, vinkristini na vinblastini. Msiende kuchemsha majani, ni sumu! Tutani ilistahimili jua kuliko yote. Mvua zilipokaza, tuta la chini lenye maji kusimama likaoza lote. Tuta tulilolinyanyua na kulichanganya mchanga halikupoteza hata robo.

Merigoldi fupi ni nzuri, konokono wanakubaliana na mimi. Usiku mmoja walikula mstari mzima. Baada ya hapo tukawa tunapita na tochi na ndoo saa mbili usiku, tunawaokota. Ile ndefu, wanayoiita ya Afrika wakati kwao ni Mexico, vichwa vyake vinakunywa mvua mpaka shingo inavunjika. Na wale wanaosema merigoldi inafukuza minyoo fundo, wale wa udongoni wanaovimbisha mizizi: inapunguza, ndiyo, lakini ukiipanda tuta zima kwa msimu mzima, siyo mche mmoja katikati ya nyanya ukasubiri miujiza.

Namba moja ni zinia, lakini siyo ile ndefu ya maua makubwa. Ile ilipata ubwiri unga, majani yakawa kama yamepakwa poda. Nasema hii fupi, chotara, aina ya Profusion, ambayo rangi zake mbili zilipata medali ya dhahabu ya hao hao Wamarekani mwaka 1999. Bibi alipotoa pakiti kabatini tulicheka, maana tulikuwa tumeipa alama tatu tatu Machi nzima, hakuna aliyeiangalia kwa sababu ya petunia. Kufika Mei ndiyo iliyokuwa na maua kuliko zote, na majani yake hayakuwa na doa la kunitisha. Ukitunza mbegu zake usitegemee rangi ile ile mwakani.

Kwa vuli tutarudia vinka na hii zinia kwenye tuta la maji ya kisima peke yake, tuone. Nilitaka niwaonyeshe na udongo tuliochanganya, samadi kiasi gani... subiri kidogo. Mdogo wangu, huo si mlio wa bomba? Limetoka! Jamani nakata, nikajaze ndoo kabla halijafunga.