Sensa ya kupima metali nzito kwenye maji taka: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Wengi wanakimbilia mashine yenye skrini kubwa, kumbe mashine ni mashine tu, jibu linatoka kwenye elektrodi, hiyo ncha inayozama ndani ya maji. Kwa hiyo jiulize kwanza unatafuta metali gani.

Namba moja kwangu ni elektrodi za kaboni za kuchapwa zilizopakwa metali iitwayo bismathi, zile za kutumia na kutupa. Unaweka volti hasi, metali zinajikusanya juu ya elektrodi kwa dakika kadhaa, halafu volti inapandishwa na kila metali inang'oka kwa zamu yake, mkondo wa umeme unaotoka ndo unakwambia ipo kiasi gani. Risasi, kadimiamu na zinki inazikamata vizuri, hadi mikrogramu chache kwa lita. Ila shaba inaisumbua, na zebaki au aseniki usiitegemee kabisa.

Kama shida yako ni hizo mbili basi namba mbili inapanda juu, elektrodi ya dhahabu, inasoma aseniki, zebaki na shaba pia, tatizo lake ni usafi, lazima uisafishe vizuri kila mara la sivyo majibu yanaanza kuyumba.

Namba tatu, elektrodi za kuchagua ioni, yaani zinazolenga chembe zenye chaji za metali moja. Rahisi kutumia, unachovya unasoma, lakini viwango vidogo zinavipita tu, na ile ya risasi ikikutana na shaba, fedha au zebaki inadanganya. Zinafaa kuchungulia maji machafu sana kabla hayajasafishwa, basi.

Ya mwisho ni ya zebaki. Kwa uwezo hakuna wa kuibeza, mkemia Heyrovský alianza nayo 1922 na ikampa Nobel 1959, lakini kununua sumu ili utafute sumu, na elektrodi za bismathi zipo tangu 2000, mi sioni sababu.

Sasa usidanganywe na grafu za muuzaji, karibu zote zimepimwa kwenye maji safi yenye bafa, yaani kemikali ya kushikilia kiwango cha asidi. Maji taka yana sabuni, mafuta na uchafu wa kila aina unaoganda kwenye elektrodi, tena metali nyingi zimeshikwa na huo uchafu so sensa haizioni, unapata namba ndogo unafurahi bure. Ukitaka jumla yote lazima uchemshe sampuli na asidi kwanza, kisha upime kwa kuongeza kiasi cha metali unachokijua na kuona mkondo unapanda vipi. Muulize muuzaji kama bei imejumuisha vifaa vya hiyo kazi, na elektrodi za kubadilisha zinapatikana wapi.