Samaki wa mwambani au wa mikokoni: watoto tuwapeleke wapi?

Hapa Tanga ubishi huu hauishi: watoto wakaone samaki watokao majini kwenye tope la mikoko, au wale warukao kwenye miamba ya pwani? Kwa uhakika wa kuwaona, mikoko inashinda: maji yakipwa, samaki wa topeni hujikokota kwa mapezi ya kifuani, macho yamechomoza juu ya kichwa, hata mtoto mdogo huwaona. Wa mwambani ana rangi ya jiwe lenyewe. Kivuli chako tu kinamkimbiza shimoni. Lakini akiruka! Hukunja mkia akajifyatua jiwe hadi jiwe, huku akipumua kwa ngozi yenye unyevu. Huyo ndiye kipenzi changu. Gharama hazitofautiani. Mwamba unataka viatu vigumu, tope linataka nguo za kuchafua. Wa chekechea wapeleke mikokoni. Wakubwa wanaoweza kutulia kimya, mwambani.