Vitamini D ya mtoto: kabla hujasoma lebo, tazama mdomo wa chupa

Januari, nje giza tangu saa kumi jioni, niko bafuni, nasikia baba mtoto anapaza sauti, "Vitamini nimeshampa, dropa nzima!" Dropa nzima?? Nilitoka na povu kichwani. Dozi ya chupa ile ilikuwa robo ya mililita na dropa yake, kale kamrija ka kuvutia dawa, inavuta mililita moja, kwa hiyo mtoto wa miezi minne alikuwa amekunywa mara nne ya anachotakiwa, IU 1,600 badala ya 400 (IU ni kipimo cha kimataifa cha vitamini). Na baba wa watu huwezi kumlaumu, maana mistari ya vipimo ilichorwa kwa rangi juu ya kioo na baada ya wiki mbili za kuoshwa ikafutika yote, ukiishika unaona kioo kitupu na balbu ya mpira.

Nikapiga simu kwa nesi huku natetemeka. Akauliza amepewa mara ngapi, nikamwambia hii moja tu ninayoijua, akasema mara moja haina shida, kesho msimpe, halafu mrudi kwenye dozi yake. Shida ni pale mtu anapokosea hivyo hivyo kila siku kwa wiki na miezi, kalsiamu inapanda kwenye damu, mtoto anatapika, hataki kula, choo kigumu, mkojo mwingi, na figo zinaweza kuumia. Kwa chini ya miezi sita Marekani na Kanada kikomo cha kila siku ni IU 1,000.

Ndiyo maana mwongozo huu hauna habari za ogani, aina za vitamini D kama D2 au D3, wala ladha ya sitroberi. Hayo yameandikwa kila mahali. Mimi naangalia kitu kimoja: dozi inatokaje kwenye chupa kuingia mdomoni, ukiwa na usingizi, mkono mmoja, mtoto analia. Na kama unaona nimezidisha, mamlaka ya dawa ya Marekani ilishatoa onyo la jambo hili hili mwaka 2010, ikawataka watengenezaji watoe dropa isiyobeba zaidi ya IU 400. Mwaka 2010! Na mimi nimeuziwa ya mililita nzima juzi juzi.

Kiasi chenyewe, haraka haraka. Marekani na Kanada mtoto chini ya mwaka ni IU 400 kwa siku, akitimiza mwaka 600. Uingereza ni mikrogramu 8.5 hadi 10 kwa wa chini ya mwaka, na 10 kwa wa mwaka 1 hadi 4. Denmark ni mikrogramu 10 kuanzia wiki mbili mpaka miaka minne, na watoto wenye ngozi nyeusi wanaambiwa waendelee hata baada ya hapo, kwa hiyo wenzangu na mimi tusijifanye hatuhusiki, melanini yetu, ile rangi ya ngozi, inataka jua refu na huku ughaibuni kwenye baridi jua lenyewe halipo. Boston kule Marekani kuanzia Novemba mpaka Februari ngozi haitengenezi kitu hata ukae nje mchana kutwa, na Edmonton ya Kanada, juu zaidi kaskazini, ni Oktoba mpaka Machi. Kumuweka dirishani ndio kabisa usijisumbue, kioo kinazuia ile miale inayotakiwa. Na unayenyonyesha usijione umekosea mahali, maziwa ya mama yana vitamini D kidogo kwa kila mtu. Anayekunywa maziwa ya kopo yameshaongezewa, Uingereza wanasema akizidi mililita 500 kwa siku hahitaji matone.

Mikrogramu 1 ni IU 40, andika ubandike kwenye friji.

Sasa chupa zenyewe, nimezipanga kuanzia bora. Namba moja, na sifichi mapenzi yangu, ni Ddrops, ile ya watoto ya IU 400 kwa tone moja. Tone moja, basi. Hakuna dropa wala mistari ya kufutika, hakuna kuhesabu. Ndani ni D3 kwenye mafuta yaliyotokana na nazi na hakuna kingine, haina ladha, ndiyo maana hata mtoto mwenye nongwa hajui kama amepewa. Unageuza chupa kichwa chini, wima kabisa, unasubiri sekunde kadhaa, tone linajikusanya polepole pale mdomoni kama halitaki kutoka halafu linadondoka lenyewe. USIITIKISE wala kuigonga tako, ukigonga yanatoka mawili matatu kwa mpigo. Na usidondoshee moja kwa moja mdomoni kwa mtoto, huoni yametoka mangapi. Dondoshea kwenye chuchu kabla ya kunyonyesha, au kwenye kijiko kisafi, uone kwa macho yako kwamba ni moja. Kachupa ni kadogo, mililita 2.5 tu, mara ya kwanza nilidhani nimeibiwa, kumbe matone 90, miezi mitatu. Ila na wao nawasema: wana ya watu wazima ya IU 1,000 kwa tone na chupa zinafanana kama mapacha, kwa hiyo ya kwako usiiweke kabati moja na ya mtoto. Mimi yangu nimeifunga raba nyekundu.

Namba mbili ni matone ya kuhesabu matano. Sweden kliniki za watoto wanayatoa bure mpaka miaka miwili, Uingereza yapo ya Healthy Start, mpango wa serikali, nayo matano kwa siku, yana na A na C, bure kwa familia zinazostahili. Ukipewa bure chukua, usilete maringo. Kasoro yake ni kuhesabu tu, saa tisa usiku umefika la tatu mtoto akapiga chafya, hapo ulikuwa la tatu au la nne? Ila ukikosea tone moja umekosea IU 80, hilo halimuumizi mtu, na ndiyo maana yamekaa juu.

Namba tatu, ya maji yenye dozi ya mililita moja nzima, kama D-Vi-Sol, IU 400 kwa mililita. Nimeipenda kwa sababu mililita moja inaonekana, na mtu akijaza kupita kiasi haendi mbali. Lakini mililita nzima ya kitu kitamu kwa mtoto wa wiki mbili ni nyingi, nusu inaishia shingoni, sasa umempa 400 au 200? Tumia bomba la sindano lisilo na ncha, peleka pembeni ndani ya shavu, kidogo kidogo.

Spreyi sijaipa namba. Mtoto akigeuza kichwa umepulizia sikio.

Pipi za vitamini ziko mwisho kabisa, chini ya miaka minne zinaweza kumkaba, na mkubwa akijua ni tamu utamkuta juu ya kiti anafungua kopo. Mafuta ya ini la samaki nayo angalia, yana vitamini A, ukichanganya na matone mengine yenye A unamrundikia.

Za bei chee za mtandaoni? Kama dozi ni chini ya mililita na dropa ni ya balbu, pita.

Sasa wauzaji, jamani. Kwa nini mbele ya boksi kuna namba kubwa 1000 na dozi ya mtoto iko chini ya kifuniko, maandishi ya kusomwa na sisimizi? Kwa nini moja inaandika IU, ya pembeni yake mikrogramu, na nyingine "asilimia ya mahitaji", asilimia ya mahitaji ya nani, ya kwangu au ya mtoto wa kilo tano? Mwaka 2021 Ufaransa mamlaka za afya zilionya kuhusu watoto waliozidishiwa kwa bidhaa za namna hii, nyingine zikiwa na IU 10,000 kwa tone moja. Elfu kumi kwa tone! Halafu weka picha ya mtoto anacheka kwenye lebo uone bei inavyoruka. Usilinganishe bei ya chupa, gawa kwa idadi ya siku itakazodumu, kale kadogo ka matone 90 kalinishangaza kwenye hesabu hiyo.

Yule aliyeniuzia nimemwandikia mara tatu, na picha ya dropa iliyofutika nimemtumia. Alijibu mara ya tatu: nikimpa nyota tano atanipa punguzo kwenye chupa ya pili.