Wakala wa ajira za ujenzi: miezi 14, watu 11, na fomani aliyekatwa na programu

Nasimamia miradi ya majengo ya ghorofa. Kwa miezi 14 sasa watu wangu wa ngazi ya kati wamepitia kwa wakala mmoja anayejitangaza kuwa ni wa uhandisi na ujenzi tu. Jina silitaji, maana nina malalamiko humu. Amenipatia watu 11: wahandisi wa saiti 4, wakadiriaji majenzi 2, mafomani 2, mratibu wa BIM (modeli ya jengo zima kwenye kompyuta), mpanga ratiba na afisa usalama. Zaidi ya hao alileta kikosi cha mafundi nondo 16 kwa mkataba wa muda. Malipo yake kwa wale 11 ni asilimia 18 ya mshahara wa mwaka wa kila anayeajiriwa.

Kwa kazi za kompyuta, wamenikuna. Mratibu wa BIM siku hizi anatafutwa kama dawa. Tangu Uingereza ilipoanza kuitaka BIM kwenye miradi ya serikali kuu mwaka 2016, na viwango vyake vya kimataifa, ISO 19650, vilipoanza kutoka 2018, neno hilo limeingia kwenye zabuni za kila aina, na waombaji nao wamelifuata. Nimesaili watu walioandika BIM kwenye mstari wa kwanza wa wasifu, kumbe waliwahi kufungua faili la Revit, programu ya kuchorea modeli hizo, wakazungusha jengo basi.

Wakala huyu hakuniletea vyeti. Aliwakalisha waombaji 5 mbele ya modeli moja iliyotegwa makosa, saa mbili kila mtu, kisha akanitumia kazi zao zote nizisome mwenyewe. Ghorofa ya tatu ya modeli ile kulikuwa na njia ya hewa iliyopita katikati ya boriti. Wanne waliiona. Watatu kati yao waliishusha wakaendelea na mengine. Wa nne, dada mwenye uzoefu wa miaka 4 tu, hakuigusa. Alipima akaona ikishushwa, dari itakuwa chini ya kimo cha mlango. Akaandika swali kwa mhandisi wa miundo, je, boriti inaruhusu tundu pale, na akaambatanisha mchoro wa mkato. Nilimchukua yeye, na sijaona mtihani bora wa kuajiri kuliko ule.

Kwa mafomani ndipo mambo yalipoharibika.

Nililetewa wasifu 6, zote zimenyooka, zote zina stashahada. Niliwaita wote. Waliongea vizuri, lakini nilipouliza wamwagiaji zege hupangwaje mvua ikitishia katikati ya kazi, nilipata majibu ya darasani. Nikapiga simu kuuliza kama hakuna wengine. Dada wa ofisini kwao akanijibu bila kuficha, "Injinia, wengine wapo, ila programu imewakata." Programu yao inatafuta maneno: stashahada, Primavera (programu ya kupanga ratiba), ISO 45001 (kiwango cha usalama kazini). Sasa mtu aliyeanza kwa kubeba karai la zege akapanda mpaka akashika saiti nzima, maneno hayo atayatoa wapi?

Niliomba waliokatwa. Walikuwa 31. Mmoja wasifu wake ni ukurasa mmoja wa kuandikwa kwa mkono, umepigwa picha kwa simu: majengo 7, idadi ya ghorofa kwa kila moja, na namba za wahandisi 3 aliofanya nao kazi. Niliwapigia wote watatu. Wawili walianza kumsifu kabla sijamaliza swali.

Nilimwita saiti badala ya ofisini. Slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya pili ilikuwa imeshafungwa nondo, kesho yake asubuhi tunamwaga. Nikampa mchoro nikakaa kimya. Alitembea juu ya nondo akikanyaga pale tu zilipoegemea, asizikunje. Akachuchumaa kwenye kona ya boriti, akaingiza mkono akachomoa biskuti, kile kipande kidogo cha zege kinachoinua nondo zisilalie mbao. Akatoa tepu mfukoni akakipima mara mbili.

"Injinia, mchoro unataka kava 40 kwenye boriti. Hizi ni 25, za slabu. Zimechanganywa."

Kava ni unene wa zege la kufunika nondo, kwa milimita. Tulizibadilisha biskuti zile usiku uleule kwa taa. Milimita 15 zile zisingeonekana na mtu yeyote baada ya zege kumwagwa. Zingekuja kuonekana miaka mingi mbele, kutu inapovimbisha nondo na zege kuanza kubanduka. Huyo ndiye fomani wangu leo, na wakala alinitoza asilimia 18 kamili kwa mtu ambaye yeye mwenyewe alimtupa. Nililipa kwa kuwa jina lilitoka kwenye orodha yake, lakini niliandika barua kupinga, na bado naona nilionewa.

Jambo hili linaniuma kwa sababu watu wa namna yake ni wachache. Baada ya mtikisiko wa fedha wa 2008 ujenzi ulianguka nchi nyingi. Marekani peke yake, kati ya 2006 na mwanzo wa 2011, ilipoteza ajira za ujenzi zaidi ya milioni 2. Vijana wengi waliopunguzwa wakati ule walishika kazi nyingine na hawakurudi, na hao ndio wangekuwa mafomani wa miaka arobaini na kitu hivi sasa. Saiti nyingi zimebaki na wazee walio mlangoni mwa kustaafu na vijana ambao bado wanashikwa mkono. Katikati pana pengo. Wakala anayejiita wa ujenzi anapaswa kulijua pengo hilo kabla hajaiachia programu ichuje.

Kuhusu wale mafundi nondo 16, kazi yao ni safi na sina la kusema. Lakini wiki ya tatu mmoja alinifuata wakati wa chai. "Bosi, samahani, yale makato ya kuingilia yanaisha lini?" Nilidhani anazungumzia kodi. Kumbe kabla majina yao hayajafika kwa wakala, yalipitia kwa mtu wa kati aliyewatoza ili awaandike, na wengine walikopa. Nikawauliza mmoja mmoja, pembeni. Waliotozwa walikuwa 9.

Sikulala vizuri siku ile. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, kifungu cha 7, unasema wakala binafsi wa ajira wasimtoze mfanyakazi ada, moja kwa moja au kwa kuzunguka, misamaha ikiwa ni ya nadra. Ada ni ya mwajiri. Mimi niliilipa, tena kwa wakati, na bado fundi aliyenifungia nondo alikuwa na deni la kuipata kazi yangu. Wakala alipopata barua yangu hakubishana. Ndani ya siku 19 wote 9 walirudishiwa fedha zao mkononi, na yule mtu wa kati akaondolewa. Hilo nawashukuru. Ila walipaswa kuligundua wao, kwa hiyo siku hizi kila anayeingia saiti namuuliza siku ya kwanza kama kuna aliyemlipa.

Dhamana yao ya kubadilishiwa mtu ni siku 90. Inafaa ofisini. Kwenye ujenzi, siku 90 zinaweza kuisha bado mnasubiri vibali na kusafisha kiwanja, mtu hujamwona akifanya kazi yenyewe. Mpanga ratiba wangu aliondoka siku ya 97, nikaanza upya na kulipa upya. Ukisaini nao, omba dhamana ihesabiwe tangu ujenzi wenyewe unapoanza.

Kitu kingine kizuri, hawakubali tangazo lisilo na mshahara. Mwanzoni nilikaza, baadaye nikaona usaili haukatikii tena kwenye bei mwishoni.

Nyota 3 kati ya 5. Mkataba wetu unaisha mwezi ujao. Nimewaandikia kwamba kwa wahandisi, wakadiriaji na watu wa modeli nitaendelea nao. Kwa mafomani nimetoa sharti: programu iwekwe kando, na kila mwombaji apewe mchoro na saa moja juu ya slabu iliyofungwa, saiti yangu ipo wazi kwa hilo. Bado nasubiri jibu.