Programu ya Kumalizia Matangazo ya Televisheni: Nne Ninazozipanga kwa Studio za Nyanda za Juu Kusini

Wiki mbili za mwisho za Julai ndizo zinazompima mhariri wa matangazo hapa Mbeya. Maonesho ya Nane Nane ya kanda yetu hufanyika katika viwanja vya John Mwakangale, na kila muuza mbegu, mbolea na dawa za mimea hutaka tangazo lake liwe limeanza kurushwa kabla ya tarehe 8 Agosti. Wateja hawa huleta kazi wakiwa wamechelewa, na wengi wao hubadilisha bei ya bidhaa usiku wa kuamkia siku ya kupeleka faili kituoni. Ninawaandikia wenye studio ndogo za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wanaotaka kununua programu moja ambayo ndani yake picha hukatwa, rangi hurekebishwa, maandishi na michoro huwekwa, sauti huchanganywa, na faili la mwisho hutolewa.

Kipimo ninachokitanguliza ni idadi ya mara utakazolazimika kutoka katika programu moja na kuingia nyingine kabla kazi haijaisha. Televisheni yetu hurusha fremu 25 (picha moja moja zinazofuatana) kwa sekunde, kwa hiyo tangazo la sekunde 30 lina fremu 750 tu. Kazi yenyewe ni ndogo. Muda wetu huliwa na kuhamahama. Mwaka mmoja nilimaliza tangazo la mbegu za mahindi kwa programu tatu: nilikata picha katika ya kwanza, nikarekebisha rangi katika ya pili, nikaweka maandishi katika ya tatu. Saa nne usiku mteja akaomba mfuko wa mbegu uonekane sekunde moja mapema zaidi. Kwa ajili ya sekunde hiyo nilikata upya, nikatoa picha upya kwa ajili ya rangi, nikazitoa tena kwa ajili ya maandishi, kisha nikapanga sauti yote kuanzia mwanzo. Faili liliondoka asubuhi, wakati zamu ya kwanza ya kurushwa ilikuwa imeshapita, na fidia niliilipa mimi. Kama kazi nzima ingekuwa katika taimulaini moja, yaani mstari mmoja wa muda ambamo vipande vyote vya tangazo hupangwa, badiliko lile lingechukua dakika chache.

Kipimo cha pili ni namna leseni inavyolipiwa na kuthibitishwa, kwa sababu kuna siku intaneti haipatikani na kuna miezi fedha hazipo.

Nafasi ya kwanza: DaVinci Resolve

Kampuni ya Blackmagic Design ya Australia iliinunua DaVinci mwaka 2009, wakati jina hilo lilipojulikana kwa mitambo ya kurekebisha rangi ambayo studio zilinunua kwa mamia ya maelfu ya dola. Baadaye ikaunganishwa na vitengo vingine: Fairlight ya sauti iliingia katika toleo la 14 mwaka 2017, na Fusion ya michoro na picha za kuunganisha ikaingia katika toleo la 15 mwaka 2018. Leo unakata picha, unabonyeza kitufe kilicho chini ya skrini, na picha zile zile unazikuta katika ukurasa wa rangi bila kutoa faili lolote. Ukirudi kukata, rangi hubaki na picha yake. Hicho ndicho nilichokikosa usiku ule wa mbegu.

Toleo la bure linatosha kwa tangazo halisi la televisheni, kwa kuwa hutoa picha hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160, ilhali vituo vingi hupokea 1920 kwa 1080. Toleo la kulipia, liitwalo Studio, huuzwa dola 295, hulipiwa mara moja, na leseni yake hutumika katika kompyuta mbili. Nashauri uanze na la bure, kisha ununue Studio utakapokutana na jambo linalokushinda. Kwetu jambo hilo mara nyingi huwa ni chengachenga za picha zilizopigwa penye mwanga hafifu, kama zile za mashamba ya chai ya Tukuyu siku ya ukungu, kwa sababu zana ya kuzisafisha imo katika Studio pekee. Anayetumia Linux ajue pia kwamba toleo la bure halifungui picha za H.264 na H.265, yaani video zilizobanwa, ambazo ndizo zinazotoka katika simu na kamera nyingi.

Yapo mambo mawili yanayowaumiza wageni wa programu hii. La kwanza ni kasi ya mradi: mradi mpya huanza na fremu 24, na ukishaingiza picha kasi hiyo haibadiliki, hivyo weka 25 kabla ya kuingiza chochote. Mwambie na mpiga picha apige kwa 25, kwa kuwa simu nyingi hupiga kwa 30 na mwendo wa picha hizo hukwama zikilazimishwa kuingia katika 25. La pili ni kwamba mradi hauhifadhiwi kama faili la kawaida ndani ya folda yako, bali katika hifadhidata ya programu. Nimewaona vijana wakibadilisha Windows na kupoteza kazi za mwaka mzima huku picha zao zote zikiwa salama katika diski ya nje. Kila jioni toa nakala ya mradi na uiweke pamoja na picha.

Udhaifu wake wa kweli uko katika Fusion. Hufanya kazi kwa nodi, yaani visanduku vya hatua moja moja vinavyounganishwa kwa mistari, haijifunzwi kwa wiki moja, na hulemea kompyuta. Blackmagic wenyewe hupendekeza kumbukumbu (RAM) ya GB 16, na GB 32 kwa anayetumia Fusion.

Nafasi ya pili: Premiere Pro pamoja na After Effects

Ikiwa matangazo yako ni ya maandishi yanayoruka, nembo zinazojikunja na bei zinazobubujika, After Effects, programu ya michoro inayotembea, bado inaongoza, na mafundi wanaoijua wanapatikana kwa urahisi hata Iringa na Njombe. Kampuni ya Adobe inayozitengeneza imeiunganisha na Premiere, programu yake ya kukata picha, kiasi kwamba mchoro uliotengenezwa After Effects huonekana ndani ya Premiere bila kutolewa kwanza, na badiliko la upande mmoja huonekana upande wa pili. Hata hivyo, bado ni programu mbili, na kompyuta ndogo ikizifungua zote kwa pamoja utalisikia feni lake kutoka chumba cha pili.

Ninaipa nafasi ya pili kwa sababu ya malipo. Tangu mwaka 2013 Adobe waliacha kutengeneza matoleo mapya ya kununua moja kwa moja, wakabaki na usajili. Kwa studio yenye wateja wa uhakika gharama hiyo inabebeka. Kwa studio inayotegemea Nane Nane na msimu wa pembejeo unaofunguliwa na mvua za Novemba, usajili huendelea kudai hata Machi, wakati hakuna anayebisha hodi. Programu hizi pia huhitaji kuunganishwa na intaneti mara kwa mara ili kuthibitisha usajili, na ukiacha kulipa huwezi kufungua mradi wa zamani pale mteja atakaporudi akitaka bei ibadilishwe.

Nakala zilizovunjwa zinazopitishwa kwa flashi msizitumie kumalizia kazi ya mteja. Mbali na kuwa ni wizi, hubeba virusi, na hugoma saa ambayo huwezi kumpigia mtu yeyote akusaidie.

Nafasi ya tatu: Final Cut Pro

Hii ni ya wenye Mac pekee. Huuzwa dola 299.99 kwa malipo ya mara moja, na Motion ya michoro huongezwa kwa dola 49.99. Kwa kasi ya kukata ni hodari sana, hata katika Mac ndogo zenye chipu ya Apple. Zana zake za rangi hazifikii kina cha DaVinci, na mara nyingi utajikuta unahamisha kazi ili kuimalizia kwingine. Kwa kipimo changu, hapo ndipo inaposhuka.

Nafasi ya nne: Autodesk Flame

Kwa ubora peke yake ningeanza na hii. Flame ilizaliwa Montréal miaka ya mwanzo ya 1990, na kwa miongo mitatu matangazo makubwa ya London na New York yamemaliziwa ndani yake, mteja akiwa ameketi nyuma ya fundi. Ndugu yake Smoke, aliyelengwa kwa wahariri, hauzwi tena. Flame haifanyi kazi katika Windows. Inahitaji Linux au Mac yenye nguvu, na usajili wake hugharimu maelfu ya dola kwa mwaka. Hapa kwetu sijui tangazo la mbolea litakalourudisha mtaji huo.

Kabla ya kulipia leseni yoyote, nunua kadi ya picha (GPU) nzuri na UPS itakayokupa muda wa kuhifadhi kazi umeme unapokatika. Kisha pakua DaVinci ya bure, chukua tangazo ulilokwisha kulirusha, na ulimalize upya kuanzia mwanzo hadi mwisho. Sauti ipime kwa LUFS -23 (LUFS ni kipimo cha ukubwa wa sauti) ikiwa kituo chako hufuata kanuni ya Ulaya ya R128, au kwa kipimo watakachokupa. Faili la ProRes 422 HQ (aina ya video nzito ya ubora wa juu) la sekunde 30 hufikia takribani MB 690, kwa hiyo lipakie usiku intaneti inapokuwa nyepesi, na mteja umtumie nakala ndogo ya H.264 kwa WhatsApp. Mwishowe badilisha bei iliyomo katika tangazo hilo, ukiwa na saa mkononi, na uandike umetumia dakika ngapi kufikia faili jipya.